Uvimbe wa limfu ukikutokea ukubwani: hatua za kupitia mpaka operesheni na baada yake

Kama umefika hapa basi pengine una kitu laini shingoni au kwapani, au ulipiga altrasaundi ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa wakakuambia kuna uvimbe wenye maji, daktari akataja neno limfanjioma au haigroma, ukatoka pale hujaelewa chochote. Mimi wangu ulitolewa shingoni upande wa kushoto nikiwa na miaka 34. Kabla ya hapo nilivutwa maji kwa sindano mara mbili bila kipimo chochote cha maana, yakarudi mara zote mbili, na ile ya pili damu iliingia ndani uvimbe ukawa mgumu na unauma mpaka kugeuza shingo ikawa kazi. Ndio maana kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote: kwa mtu mzima operesheni ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote zitakazofuata, ikiharibika au ikifanywa nusu nusu ya pili inakuwa ngumu mara kadhaa, kwahiyo kazi kubwa iko kabla hujalala kwenye kitanda cha thieta.

Hatua ya 1: Elewa ulichonacho

Limfu ni yale maji mepesi yanayovuja kutoka kwenye vimishipa vya damu, yanapita katikati ya nyama za mwili, halafu yanakusanywa na mishipa yake yenyewe, yanapita kwenye tezi na kurudishwa kwenye damu. Mtoto anapoumbwa tumboni mishipa hii inatakiwa iungane yote na mkondo mkubwa, sasa kipande kikikosa kuungana maji yanabaki humo humo na kinavimba taratibu kama puto. Siku hizi mabingwa wengi wanapendelea kusema ni hitilafu ya mishipa ya limfu, sio uvimbe kama uvimbe, kwasababu seli zake hazizaliani ovyo. Sio kansa, hausambai kwenda kwenye ini au mapafu kama kansa inavyofanya, na hauambukizi mtu. Jina la haigroma ni la zamani, lilianza na daktari Mjerumani aliyeitwa Wernher mwaka 1843, na bado utalikuta kwenye ripoti.

Kwa nini ukubwani? Karibu 90 katika kila 100 wanagundulika kabla mtoto hajafika miaka 2, ndio maana daktari ambaye hajawahi kuuona kwa mtu mzima hata haumjii kichwani. Wengine walizaliwa nao ukiwa mdogo umelala, ukaja kuamshwa na maambukizi ya koo, kuumia, au damu kuvujia ndani. Wengine mishipa iliharibika ukubwani, baada ya operesheni au mionzi. Kwa wengi wa kuzaliwa nao imeonekana kuna badiliko kwenye jeni inayoitwa PIK3CA, lakini badiliko hilo liko kwenye seli za hapo hapo tu, halirithiwi, kwahiyo usikae unahesabu watoto wako nani anao.

Sehemu yake kubwa ni shingo, kama robo tatu ya wote, halafu kwapa, na waliobaki wanagawana kifua, tumbo kwenye ile nyama inayoshikilia utumbo, wengu, ulimi, kinena na ngozi. Wa ngozi unatoka kama vilengelenge vingi vidogo vilivyojazana mfano wa mayai ya chura, vinapasuka na kutoa maji, wakati mwingine yamechanganyika na damu.

Jambo la mwisho hapa ni ukubwa wa visima vya ndani, yaani vile vifuko vinavyoshika maji. Kuna uvimbe wenye visima vikubwa, wa sentimita 1 au 2 na kuendelea, kuna wenye visima vidogo vidogo kama sponji, na kuna mchanganyiko. Kumbuka hili maana tiba yako yote inazunguka hapo.

Hatua ya 2: Acha kuuchokoza

Usiukande, usiupake dawa za moto, na usikubali mtu achome sindano "kupunguza maji" kama ndio tiba. Ukuta unaotoa maji unabaki ndani, kwahiyo yatarudi tu, na kila kuchomwa kunaweza kuleta damu ndani au usaha, halafu pakipona panaacha makovu yanayogandisha uvimbe kwenye neva na mishipa ya jirani. Daktari aliyekuja kunipasua mimi aliniambia sehemu iliyomchukua muda mrefu ni pale pale palipochomwa. Kuvuta maji kuna maana pale uvimbe unapobana njia ya hewa na inabidi mtu apumue kwanza, hapo ni dharura na sio tiba.

Na dharura zenyewe uzijue. Wa shingoni ukikua ghafla ndani ya masaa, ukianza kupumua kwa kukoroma, ukishindwa kumeza hata mate, sauti ikibadilika, au ngozi juu yake ikawa nyekundu ya moto na una homa, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Wa tumboni ukileta maumivu makali ya ghafla na kutapika, tumbo likajaa, haja na hewa vikagoma kutoka, inawezekana utumbo umejisokota kuuzunguka, na hilo halingoji asubuhi.

Hatua ya 3: Hakikisha sio kansa iliyojificha ndani ya maji

Hapa ndipo watu wazima wanaumizwa na sitaki upaharakishe.

Mtoto akiwa na uvimbe wa maji shingoni, mara nyingi ni hitilafu ya kuzaliwa. Mtu mzima, hasa aliyevuka 40, uvimbe wa maji shingoni unachukuliwa ni kansa mpaka ithibitishwe sio. Inatisha lakini ni kanuni inayookoa watu. Kansa ya tezi ya thairoidi ile ya kawaida inaweza kupeleka mbegu kwenye tezi ya limfu ya shingo, na tezi hiyo ikajaa maji ikaonekana kama kibofu tu. Kansa ya findo au ya shina la ulimi inayoletwa na kirusi cha HPV nayo hivyo hivyo, na mara nyingi uvimbe wa shingo ndio dalili ya kwanza kabisa, kwa mtu ambaye hajawahi hata kuvuta sigara na koo haliumi. Kuna pia TB ya tezi, limfoma ambayo ni kansa ya mfumo wa limfu, na vifuko vingine vya kuzaliwa navyo visivyohusiana na limfu, vyote vinaweza kufanana ukivishika na mkono.

Kwahiyo wa shingoni usikubali kwenda thieta kabla haya hayajafanyika: daktari wa koo akuangalie ndani ya koromeo kwa kamera na apapase findo na shina la ulimi kwa kidole, na thairoidi ipigwe altrasaundi yake.

Vipimo vya uvimbe wenyewe vinaanza na altrasaundi. Haina mionzi na inaonyesha kama ndani ni maji, kama kuna kuta zinazogawa visima, na kama kuna kinyama kigumu. Kikionekana kinyama kigumu ndani yake wasiwasi unapanda. Halafu MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani kwa sumaku, na hii pambana uipate kama inawezekana, kwasababu ndiyo inayoonyesha uvimbe umepita wapi, umezunguka mshipa gani, umeshuka kifuani au la, na unaona tofauti ya visima vikubwa na vidogo. CT scan, ambayo ni picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, ni ya haraka, inafaa sana kwa tumbo na kwa dharura.

Sindano ya kuchukua sampuli ni tofauti na ile ya kumwaga maji, usizichanganye. Hii inaongozwa na altrasaundi na inalenga ukuta au sehemu ngumu, maana maji matupu yana seli chache na yanaweza kutoa jibu la "hakuna kansa" wakati ipo. Maji ya limfu yanakuwa na rangi ya njano ya majani makavu, au meupe kama maziwa kama yana mafuta, na kwenye darubini yamejaa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Kama kuna shaka ya thairoidi, maji hayo hayo yanaweza kupimwa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na thairoidi, kwahiyo uliza kabla hayajamwagwa.

Hatua ya 4: Jua njia zote ndipo ukubali kisu

Kuacha na kuangalia ni chaguo halali kabisa. Uvimbe mdogo, umethibitishwa, haubani kitu, haukusumbui, unaweza kupimwa tena kila baada ya muda. Usisukumwe.

Sindano za kukausha zinafanya kazi kwa kuchoma ukuta wa ndani mpaka ushikane na kufunga nafasi ya maji. Maji yanatolewa kwanza halafu dawa inaingizwa. Zinazotumika ni kama doksisaiklini, bleomaisini, pombe kali ya kitabibu, na ile inayoitwa OK-432 ambayo Wajapani walianza kuitumia kwa uvimbe huu miaka ya 1980, inatengenezwa kwa bakteria waliouawa na penisilini, kwahiyo mwenye aleji ya penisilini aseme mapema, na homa ya siku mbili tatu baada yake ni kawaida. Bleomaisini inaweza kuumiza mapafu ikizidi, lazima wahesabu jumla ya dozi zako zote. Kwa visima vikubwa sindano hizi zinaweza kumaliza kazi bila kovu. Kwa visima vidogo mara nyingi hazifiki kote. Na hakuna uvimbe wa kuchomwa dawa hizi kabla kansa haijaondolewa kwenye hesabu, kwa mtu mzima hili ni kubwa, maana ukikausha kitu ambacho hujui ni nini umepoteza ushahidi.

Kuna vidonge, sirolimasi, vinavyotumika zaidi pale ambapo uvimbe umetapakaa na hautoki kwa kisu. Vinapunguza kinga, vinaleta vidonda vya mdomoni na kupandisha mafuta ya damu, kwahiyo vinataka vipimo vya mara kwa mara.

Operesheni inashika nafasi ya mbele kwa mtu mzima kwa sababu mbili. Uvimbe wa ukubwani mara nyingi una mipaka mizuri kuliko wa watoto, kwahiyo unaweza kutoka mzima mzima, na ukitoka mzima patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama iliyokatwa, inapata kitu chote cha kuangalia na swali la kansa linafungwa. Ukitoka wote ni nadra kurudi. Ukibaki kipande unarudi mara nyingi tu. Lakini sio kansa, na hii ndiyo sehemu watu wanaielewa vibaya: daktari akikuta kipande kimeng'ang'ania neva muhimu ni halali akiache, kuliko akupe uso uliopinda kwa ajili ya kitu ambacho kisingekuua.

Hatua ya 5: Mtafute mtu sahihi na umuulize

Wa shingo anafaa daktari bingwa wa masikio pua na koo au wa upasuaji wa kichwa na shingo, wa tumbo daktari bingwa wa upasuaji wa kawaida, wa kifuani wa kifua. Andika maswali kwenye simu usome, ukiwa pale kichwa kinakuwa cheupe. Mimi ningeuliza haya: umeshatoa mangapi ya mtu mzima, MRI yangu inaonyesha neva zipi ziko hatarini, utatumia mashine ya kufuatilia neva au la, kipande kikishindikana utafanya nini, na je kuna mtu wa sindano za kukausha tunayeweza kumshirikisha. Daktari mzuri haudhiki na maswali hayo. Anayekujibu "ni kadonge kadogo tu, nusu saa" bila kuangalia picha zako, chukua picha zako uombe maoni ya pili.

Hatua ya 6: Maandalizi

Taja kila dawa unayotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi, aspirini ikiwemo, na usiziache mwenyewe, daktari ndiye apange siku ya kusimama. Sigara iache wiki kadhaa kabla, kidonda kitakushukuru na mapafu pia. Kama una mafua au kikohozi siku inakaribia piga simu useme, uvimbe huu unavimba zaidi mtu akiwa na maambukizi ya njia ya hewa na ni bora kusogeza tarehe.

Ukutane na daktari wa usingizi mapema kama uvimbe ni mkubwa au uko karibu na ulimi, yeye ndiye anayepaswa kupitisha mpira wa kupumulia na ajue njia imebanwa wapi. Kufunga kwa kawaida ni masaa 6 bila chakula na masaa 2 bila hata maji, ila fuata uliyoambiwa wewe. Kama ni wa wengu na kuna uwezekano wengu litoke lote, chanjo za nimonia na uti wa mgongo zichomwe angalau wiki 2 kabla, uliza wewe kama hawajakutajia, maana mtu asiye na wengu anabaki na hatari ya maambukizi makali maisha yake yote.

Fomu ya ridhaa isome. Iwe imetaja upande, imetaja neva, imetaja uwezekano wa kurudi.

Hatua ya 7: Kinachofanyika ukiwa umelala

Shingoni wanakata kufuata mkunjo wa asili wa ngozi ili kovu lijifiche, wanafunua tabaka, halafu wanaanza kuutenganisha uvimbe polepole na vitu vya jirani wakijitahidi usipasuke. Ukipasuka unasinyaa, na ukishasinyaa mipaka yake inapotea machoni, ndio maana upole ni kila kitu. Vitu vinavyolindwa ni neva inayovuta kona ya mdomo, inayosogeza ulimi, inayoinua bega, ya sauti, na zile nene za mkono, bila kusahau mishipa mikubwa ya damu. Upande wa kushoto chini kabisa kuna bomba kuu la limfu la mwili linaloingia kwenye damu, likiguswa ndipo maji meupe yanavuja. Wakimaliza wanaweka dreni, ule mpira mwembamba wenye chupa ya kunyonya.

Tumboni mara nyingi uvimbe unatoka peke yake, wakati mwingine na kipande cha utumbo kama vinatumia mishipa ile ile ya damu, na kwa baadhi inafanyika kwa matundu madogo na kamera. Wa ngozi ni mtego, vilengelenge vya juu vinalishwa na visima vilivyo chini kwenye mafuta, ukichoma vya juu tu kwa leza vitapungua na kurudi, ukitaka uishe lazima visima vya chini vitolewe.

Hatua ya 8: Siku na wiki za kwanza

Usiku wa kwanza kinachoogopwa ni damu kujikusanya chini ya kidonda. Shingo ikivimba kwa kasi, ikabana, ukahisi hewa haitoshi, ita nesi papo hapo, usisubiri raundi. Ndugu anayekaa na wewe naye aambiwe hili.

Dreni pima kila siku na uandike kiasi na rangi. Inaanza na damu damu, inakuja pinki, halafu njano, na inatolewa ikishuka, wengi wanasubiri ishuke chini ya mililita 20 au 30 kwa masaa 24. Usiombe itolewe mapema kwasababu inakukera, uvimbe huu una tabia ya kuacha nafasi inayojaa maji tena. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hasa baada ya kula kitu chenye mafuta, sema siku hiyo hiyo. Mara nyingi inatulizwa kwa chakula kisicho na mafuta au chenye mafuta maalumu yanayoitwa MCT ambayo hayapiti kwenye limfu, wakati mwingine na sindano za oktreotaidi, dawa ya kupunguza kuvuja huko, na wachache ndio wanarudishwa thieta.

Kona ya mdomo kulegea kidogo, ganzi kwenye sikio au chini ya kidevu, vinaweza kuwa ni neva iliyovutwa tu na vinarudi ndani ya wiki au miezi. Bega likishindwa kuinuka usilipumzishe kwa kulionea huruma, anza mazoezi ya fiziotherapia mapema kabla halijakakamaa. Nyuzi za shingo kwa kawaida zinatoka ndani ya wiki moja hivi. Vitu vizito viache mpaka uruhusiwe, mimi nilikaa wiki 3 na sikujuta.

Homa, usaha, kidonda kufunguka, maji kujaa tena kama yai chini ya ngozi, rudi. Na hayo maji ya kujaa usikimbilie kusema ugonjwa umerudi, mara nyingi ni maji ya kidonda tu na yanaisha.

Hatua ya 9: Karatasi zako

Ripoti ya patholojia ifuate mpaka uipate mkononi, wala usikubali "iko sawa" ya mdomo. Itasema ni mishipa ya limfu, pengine itataja kipimo cha rangi kinachoitwa D2-40 kinachothibitisha hilo, na itasema hakuna seli za kansa. Ikisema kingine, mpango wote unabadilika na ni bora ujue wiki hiyo kuliko mwaka ujao. Omba pia nakala ya maelezo ya operesheni, ile karatasi daktari anayoandika akitoka thieta, yenye kusema kilitoka chote au kipande kiliachwa wapi na neva zipi zilionekana.

Uliza utarudi lini kupimwa tena. Ukihisi kitu laini pale pale baadaye, mwaka wa kwanza au hata wa tano, piga altrasaundi au MRI kabla mtu hajagusa chochote, na uende na karatasi hizo mbili, kwasababu daktari wa pili anaingia kwenye shingo yenye makovu na karatasi hizo ndizo zitamwambia neva ilipoachwa.